Jua la Mwakirunge na Ujuaji Wangu

Wanangu mnaoanza kazi ya uuguzi, hongereni. Nasikia vyeti vyenu ni vizuri kuliko vyetu, na sare zenu hazichuji rangi. Mmefundishwa kila kitu isipokuwa kukaa Kisauni mwezi wa Februari, na hilo halifundishiki darasani, maana darasani mna feni.

Jina langu Kadzo. Nimeuguza watu miaka thelathini na mmoja, mingi yake katika dispensari moja ndogo ya Kisauni, iliyoezekwa mabati na fundi ambaye bila shaka hakuwa na nia ya kuingia ndani yake. Nilistaafu mwaka jana. Siku ya kuniaga walisema mengi kuhusu hekima yangu, mpaka nikageuka nitazame kama kuna mtu mwingine amesimama nyuma. Hekima yenyewe, ile kidogo iliyopo, niliipata kwa kukosea. Wale niliowakosea hawakualikwa kutoa hotuba.

Basi leo nitasema kwa niaba yao.

Watu wa bara hudhani Mombasa joto ni lile lile mwaka mzima. Hawajui. Kuna joto la kawaida, ambalo mtu hulilalamikia kwa adabu. Halafu kuna joto la kaskazi, kati ya Januari na Machi kabla mvua haijashuka, ambalo ukililalamikia unapoteza jasho bure. Msimu huo dispensari hufurika. Watoto wana harara shingoni. Watu wazima wanahara, kwa sababu pilau ya jana haikumngoja mtu. Huyu mkojo unamchoma, yule anatokwa damu puani. Kina mama wanazimia kanisani katikati ya mahubiri, na mhubiri anadhani ni yeye. Mengi ya hayo dawa yake iko jikoni kwenu na kinga yake iko kwenye mtungi wa maji. Lakini hebu mwambie mtu aliyepanda tuktuk mpaka kwako, akapiga foleni saa mbili nzima, kwamba dawa yake ni maji. Atakutazama kama umemwibia.

Nilipopelekwa pale mara ya kwanza nilikuwa nimetoka chuoni, huko bara kwenye baridi, nimenyooka kama rula. Kwetu ni Kaloleni, lakini miaka mitatu ya kuvaa sweta ilitosha kunifanya nijione mtaalamu wa watu wa pwani. Nikamkuta mhudumu mmoja, Bi Rukia, mama wa makamo, Mmvita wa ukoo wa zamani. Kwenye karatasi, kazi yake ilikuwa kufagia na kupima watoto uzito. Kwa kweli alikuwa anatupima sisi.

Siku yangu ya kwanza akaja msichana na mwanawe wa miezi mitano. Mtoto alikuwa amevalishwa kofia ya sufu, sweta, soksi, na juu ya hayo blanketi, kana kwamba wanapanda Mlima Kenya jioni ile. Alikuwa analia mpaka sauti imekauka. Shingo na mgongo vimejaa vipele vidogo vyekundu. Nikafungua kopo la mafuta mazito ya mgando, nikaanza kumpaka kwa ustadi mkubwa, tabaka juu ya tabaka.

Bi Rukia akaniangalia, kisha akaita kutoka mlangoni, "Kadzo, ndoo!"

Nikaenda nikamletea ndoo.

Mnaocheka ni wa Mombasa. Wengine niwaeleze: kwa Kimvita "ndoo" ni njoo. Mama wa watu alikuwa ananiita. Aliipokea ile ndoo, akaitazama, akanitazama, akasema, "Haya, na hiyo pia tutaihitaji." Akaijaza maji ya kawaida, si ya baridi wala ya moto. Akamvua mtoto kofia, sweta, soksi na mafuta yangu.

"Mwanangu," akaniambia, "mtoto huyu yuwapikwa. Nawe wamtilia mafuta. Wataka kumkaanga?"

Tukamwosha, tukamkausha kwa kumgusagusa tu bila kumsugua, tukamwacha na kitambaa kimoja cha pamba. Kabla mama yake hajamaliza kumfunga leso, mtoto alikuwa amelala. Bi Rukia akamwambia akifika nyumbani asage liwa kidogo kwenye jiwe kwa maji, ule mti wenye harufu nzuri ambao kina mama wa Kiswahili hujipaka, ampake tabaka jembamba mgongoni, halafu amwoshe jioni. "Na umwache apate upepo. Upepo ni bure." Mimi nilikuwa nimesimama na kopo langu. Miaka mitatu ya chuo, na dawa ilikuwa kumvua mtoto sweta.

Msije mkadhani sasa kwamba Bi Rukia alikuwa mwabudu majani. La. Kila kitu alikipa kiasi chake, na hapo ndipo alipotofautiana na wagonjwa wetu. Mwarobaini, kama jina lake linavyojigamba, hutibu maradhi arobaini. Kulikuwa na mzee mmoja wa Mjambere aliyeutumia hata kwa la arobaini na moja, nalo ni uvivu wa wanawe. Yeye mwenyewe alikunywa kikombe kikubwa asubuhi na kikombe jioni, msimu mzima wa joto, apate "kupoza damu". Akaletwa kwetu anatapika, amejikunja kama mwanasesere. Tukamuuliza anaumwa nini hasa kabla ya kuanza kuunywa. Akafikiri sana. Hakuwa anaumwa kitu. Bi Rukia akamwambia majani yale ayachemshe aogee akiwashwa ngozi, tumbo aliachie chakula. Na shubiri vilevile: utomvu wake wa ndani, ule mweupe wa ute, mpake mtu aliyeunguzwa na jua. Kuunywa mwachie anayetafuta sababu ya kukaa chooni.

Na maji ya chumvi na sukari, ambayo kila mtu anajua kuyatengeneza na karibu kila mtu anayakosea. Lita moja ya maji safi yaliyochemshwa yakapoa, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Vijiko vya kusawazisha, si vya mlima. Nilipata mama mmoja aliyetia chumvi kiganja kizima. Mwanawe, alinieleza, alikuwa na hali mbaya sana kwa hiyo alihitaji dozi ya watu wakubwa. Tangu hapo sikumruhusu mtu aondoke kabla hajanitengenezea mbele yangu na mimi kuonja. Yakiwa na ladha ya machozi, sawa. Yakizidi machozi, mwaga. Madafu ni mazuri, uji mwembamba ni mzuri, lakini mtoto anayehara huku macho yameingia ndani, asiyetoa machozi akilia, huyo msimkalishe nyumbani na dafu. Mleteni.

Sasa mnaona nilivyojua mengi. Ndiyo matata yenyewe. Kosa langu kubwa sikulifanya nikiwa mgeni. Nililifanya nikiwa na miaka kumi na sita kazini, nikiitwa na watu niwashauri, Bi Rukia amebakiza mwaka mmoja astaafu na ameanza kuniacha niamue peke yangu. Mgeni hukosea kwa woga. Mimi nilikosea kwa raha zangu.

Ilikuwa Jumatatu ya mwezi wa Februari, foleni imetoka nje ya mlango. Akaingia mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mrefu, vumbi jeupe limemganda kwenye nyusi. Jina lake Karisa. Alikuwa mchonga mawe kwenye timbo moja huko Mwakirunge, yaani lile shimo kubwa ambamo mawe ya kujengea nyumba zenu hukatwa. Hilo la timbo nilikuja kulijua baadaye, kwa maana sikumuuliza.

"Sista, kitswa kinapasuka," alisema, kwa namna tunavyosema kichwa kwetu. "Na miguu yanikaza misuli. Na moyo wachafuka."

"Tangu lini?"

"Tangu jana mchana. Tena tangu—"

Nikamgusa paji la uso. La moto. Nikaandika malaria kabla hajaketi vizuri.

Vipimo vya malaria vilikuwapo kabatini. Kutoka kitini pangu mpaka kabatini ni hatua tatu. Nilizipima baadaye, nilipokuwa na muda mwingi wa kuzipima. Nikampa vidonge, nikamweleza jinsi ya kuvimeza, nikamwambia akapumzike siku tatu. Karisa akacheka kidogo, kama mtu aliyeambiwa akapumzike Ulaya. Akashukuru, akatoka.

Bi Rukia alikuwa pembeni, anapima mtoto. Akamsindikiza kwa macho.

"Kadzo. Yule midomo yake imepasuka."

"Ni homa, Bi Rukia."

"Haya, daktari."

Bi Rukia aliniita daktari mara chache sana maishani, na hata mara moja haikuwa sifa.

Kesho yake, Jumanne, jua liko utosini, ikaingia bodaboda mbio mpaka mlangoni. Mchonga mawe mwingine akashuka, naye mweupe wa vumbi, akapita foleni yote.

"Sista, nimetumwa na Nzai, shemeji yake Karisa. Aomba ile dawa ya malaria uongeze. Imempanda kichwani, kule timboni kazini."

"Imempanda vipi?"

"Aongea na baba yake."

"Na baba yake yuko wapi?"

"Alizikwa mwaka juzi."

Bi Rukia alikuwa ameshakwenda nyuma, akarudi na mitungi miwili ya maji, leso alizozianua kwenye kamba na sinia la chai la wafanyakazi. Mimi nikachukua dripu na sindano. Nikamwachia muuguzi mwenzangu foleni, tukapanda tuktuk. Njia nzima sikumtazama usoni, naye alitazama mbele. Hata pale moshi wa jaa la taka lililo njiani ulipotuingia, alifunga pua kwa buibui na kuendelea kutazama mbele.

Kama hamjapata kuingia timboni mchana wa kaskazi, msihangaike kwenda. Ni shimo jeupe. Jua linapiga juu, halafu linapiga tena kutoka ukutani, halafu linapiga kutoka chini, na upepo wa bahari hauna habari kwamba kuna watu mle. Hakukuwa na mti hata mmoja. Ukingoni palikuwa na kibanda cha mabati ambamo waliweka sururu na misumeno, na ndimo Nzai alimomweka shemeji yake ili kumwokoa.

Alikuwa amemkalisha kwenye kigoda. Mbele yake ameweka sufuria ya majani ya mwarobaini yanayochemka. Juu yake, blanketi mbili. Alikuwa anamfukiza.

Sitawacheka wale watu. Kufukiza ni tiba ya wazee wetu, na mtu mwenye mafua huenda ikampa nafuu. Nzai alikuwa ameambiwa na sista mzima, mwenye kalamu na muhuri, kwamba shemeji yake ana malaria. Alikuwa ananisaidia mimi. Tulipofunua blanketi, Nzai alikuwa anatiririka jasho. Karisa hakuwa na jasho hata tone. Ngozi yake ilikuwa kavu, na moto wake niliuhisi kabla sijamgusa. Macho yalikuwa wazi, hayaoni. Alikuwa anamwambia baba yake kwamba mbuzi wameingia shambani.

"Nzai," Bi Rukia akasema taratibu, "wataka kumponya ama wataka kumla?"

Hakungoja jibu. "Mtoeni. Mtoeni nje, kivulini."

"Kivuli hakuna, mama," mtu akasema.

"Lile lori si lina kivuli?"

Kulikuwa na lori linalongoja mawe. Wanaume wanne wakambeba, tukamlaza ubavuni mwa lori, upande usio na jua, mbali na injini. Tukamvua shati. Bi Rukia akaanza kummwagia maji, polepole, kuanzia kichwani, huku akiamrisha kama nahodha. Leso mbichi shingoni. Leso kwapani, huku na huku. Leso mapajani juu kabisa, na hapo kuna aliyeona haya, akaambiwa haya ataiona mgonjwa akiwa hai. Sinia akalikabidhi kwa mwanamume mwenye mikono mirefu kuliko wote: "Wewe, pepea. Usisimame mpaka nikuambie."

Nzai akaja na kikombe, anataka kumnywesha. Nikamshika mkono. Mtu asiyejitambua hamiminiwi kitu kinywani, wanangu, hata kiwe kitu kizuri namna gani, kitaingia mapafuni. Hilo nililijua. Nikatafuta mshipa, nikakosa, nikatafuta tena, nikaupata.

Mtungi wa kwanza ukaisha. Wa pili ukaisha. Wachonga mawe wakashuka shimoni wakachota maji yaliyosimama huko chini, ya kijani, yenye viluwiluwi. Kwa kunywa ni sumu. Kwa kummwagia mtu anayeungua ni rehema. Tukamwaga, tukapepea, tukamwaga. Nzai alikuwa amepiga magoti pembeni, anarudia, "Ni mimi nimemuua. Ni mimi nimemuua."

Nami nilikuwa nimepiga magoti karibu naye, najua ni nani, na sikusema.

Sijui ilikuwa muda gani. Mwenye sinia alikuwa ameshabadilishwa mara tatu. Ndipo Karisa akatetemeka, akafumba macho, akayafumbua, yakaona. Akamwangalia Bi Rukia, aliyelowa mpaka magotini.

"Mama," akasema kwa sauti ya kukwaruza, "mbona wanimwagia matope?"

"Alhamdulillahi," Bi Rukia akasema. "Yuwalalamika. Mpandisheni kwenye lori."

Hospitalini alikaa siku nne. Mafigo yake yalikuwa yameanza kugoma, na daktari aliyempokea alisema angechelewa kidogo tu tungezungumza habari nyingine. Daktari huyo alikuwa kijana, mpole. Alishika ile kadi niliyoiandika Jumatatu, akaisoma, akaangalia matokeo ya damu. Malaria hakuna.

"Nani aliandika hii?" akauliza.

"Mimi."

"Sawa," akasema, akaiweka chini.

Neno moja tu. Ningetukanwa ningelala vizuri zaidi.

Wiki iliyofuata Bi Rukia akaniambia tunarudi timboni. Nilidhani ni kuwashukuru wapepeaji. Kumbe ni kuonana na mnyapara, Bwana Mutiso, mtu wa bara aliyekuwa amekaa Mombasa muda wa kutosha kujua kila kitu juu yetu. Tukamweleza: kazi ianze alfajiri, isimame saa tano hadi saa tisa, kiwekwe kivuli cha makuti, maji safi ya kunywa yawepo.

"Mama, hawa watu wamezoea jua," Bwana Mutiso akasema. Alisema hayo akiwa amesimama chini ya mwavuli.

"Ni kweli," Bi Rukia akajibu. "Hebu niambie, ile Jumanne alipoanguka Karisa, mlichonga mawe mangapi?"

"Siku hiyo hatukuchonga."

"Na Jumatano?"

"Walienda hospitali kumwona."

"Na Alhamisi?"

Bwana Mutiso akahamisha mwavuli mkono. "Alhamisi wawili walikuja wakarudi. Kichwa. Wakasema ni kama ya Karisa."

"Wallahi hili jua lakufanyia kazi nzuri," Bi Rukia akasema. "Tusilisumbue."

Akageuka kuondoka. Hatukuwa tumefika barabarani Bwana Mutiso akatuita.

Kivuli kilijengwa kabla ya mwisho wa mwezi. Chini yake yakakaa mapipa mawili yenye vifuniko na bomba: moja la maji, moja la ukwaju uliolowekwa, ukachujwa, ukatiwa sukari kiasi na chumvi kidogo sana, kile kiasi cha ncha za vidole kwa jagi. Nikawafundisha wanaume wale kitu ambacho hakina gharama wala heshima: kutazama mkojo wao. Ukiwa kama maji ya limau, endelea na kazi. Ukiwa kama chai ya rangi, kaa kivulini unywe, tena usingoje kiu, maana kiu huja imechelewa. Na ukishindwa kutembea sawasawa, au mwenzako akianza kusema yasiyoeleweka, hapo hakuna cha ukwaju wala mwarobaini. Maji juu ya mwili, upepo, na hospitali mbio. Walicheka sana. Baada ya wiki ilikuwa salamu yao. "Vipi leo, limau ama chai?" Bwana Mutiso naye akawa akija mgeni anampeleka moja kwa moja kwenye mapipa, anamweleza jinsi alivyokaa akafikiri, akabuni. Yawezekana mpaka leo yeye ndiye aliyegundua kivuli. Nasi hatukumkatalia. Kivuli hakiulizi kimegunduliwa na nani.

Mnaweza kuondoka sasa mkidhani hadithi imeisha vizuri, sista ametubu, watu wamekunywa ukwaju. Wale walioniaga kazini waliisikia mpaka hapo, na wakapiga makofi. Kuna sehemu sikuisema siku ile, kwa sababu kulikuwa na keki.

Karisa alipotoka hospitalini alikwenda kwao kupumzika, akarudi baada ya miezi kadhaa. Jua kali hakuliweza tena. Akawa anachonga mawe chini ya makuti, kazi ya kulainisha, akikaa. Siku moja akaja dispensari na binti yake mdogo, chanjo. Amenenepa kidogo, nyusi safi. Bi Rukia alikuwa ameshastaafu. Foleni ilikuwa fupi. Sikuwa na mahali pa kujificha.

Nikafunga mlango.

"Karisa," nikamwambia, "nina neno. Nzai anajilaumu kwa zile blanketi. Si yeye. Ni mimi. Niliandika malaria bila kukupima. Vipimo vilikuwa pale." Nikamwonyesha kabati. "Ungekuwa umepewa maji na kivuli siku ile ya Jumatatu, usingefika pale ulipofika. Nakuomba radhi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Nilikuwa nimejiandaa hata kusamehewa, na majibu yake nilikuwa nimeyapanga. Karisa alimpakata binti yake vizuri, akatazama lile kabati.

"Sista, mimi nilijua si malaria," akasema. "Malaria naijua, nimeugua tangu utoto. Ile Jumatatu nilitaka kukwambia kwamba tangu juzi yake sijakojoa. Nikaanza. Nikasema, tena tangu... Ukanikata. Nikajaribu tena ulipokuwa wanipa vidonge, ukaniambia nijibu ninaloulizwa, watu wangoja."

Sikuikumbuka ile ya pili. Nimeitafuta kichwani miaka hii yote na sijaiona, lakini sina shaka aliisema kweli, kwa sababu sauti aliyoiigiza ilikuwa yangu kabisa, na mpaka binti yake alicheka.

"Kwa nini hukunishurutisha?" nikauliza. Swali la kipumbavu, lakini nililiuliza.

"Wewe ndiye sista," akasema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja rangi ya ukuta.

Halafu akanitazama usoni, akanihurumia. "Yameisha. Nidungie mtoto."

Nikamdunga mtoto chanjo yake, akalia, akanyamaza. Nikaandika kadi. Nikaweka kalamu chini, mbali, kwenye ukingo wa meza, nikamuuliza baba yake yeye mwenyewe siku hizi anaendeleaje.

Alizungumza karibu robo saa. Yalikuwapo maumivu ya mgongo, yalikuwapo ya usingizi kukatika, na nusu ya maneno yote yalikuwa juu ya mama mkwe wake wa Mariakani, ambaye kwa kweli, kwa maelezo yale, alikuwa na makosa. Watu walianza kugonga mlango. Nikawaambia wangoje.